Ombi la Kupitwa kwenye Kona

Mzee Methusela Ndahani,
Makole, Dodoma.

Kwa Mwenyekiti wa Mtaa,
Bwana Yotham Chilongani.

Ndugu Mwenyekiti,

YAH: KUOMBA AGIZO LAKO LIFUTWE ILI NISHINDWE KWA HAKI

Nakusalimu kwa heshima zote za ofisi yako, na natumaini mbuzi wa baba yako walionusurika ukame bado wanasimama. Mimi sijambo kwa kiasi alichoruhusu daktari. Moyo wangu umetanuka. Daktari alinionyesha picha yake, akanishauri nipange mambo yangu bila haraka. Nimekuwa mkaguzi wa shule kuanzia Chemba mpaka Mpwapwa, nimeandika ripoti nyingi kuhusu majengo yaliyokuwa karibu kuanguka, na najua mtaalamu anaposema "bila haraka" anamaanisha nini. Kwa hiyo nakuandikia mkono ukiwa bado unaweza kushika kalamu. Naanza kwa kuungama, kwa kuwa malalamiko ya mtu asiyeungama hayana uzito.

Naungama kwamba kila Jumanne na Alhamisi siendi zahanati kwenye mazoezi ya viungo kama mke wangu Evelina anavyoamini. Obedi wa bodaboda hunichukua nyumbani, hunipitisha mbele ya zahanati ili nisiwe nimedanganya kabisa, kisha hunishusha kwenye banda la gemu la bwana mmoja aitwaye Zaidi, nyuma ya mashine ya kusaga. Hapo naendesha magari ya mashindano kwenye televisheni mpaka saa ya chakula cha mchana. Nikirudi, Evelina huniuliza kama mazoezi yalikuwa mazito. Mimi humjibu kwamba kona zilikuwa nyingi, naye hunipa pole.

Sikuingia pale kwa nia hiyo. Niliingia kulalamikia kelele. Zaidi ni Mrangi wa Kondoa, mimi ni Mgogo, na tumetaniana tangu alipopanga chumba kwa jirani yangu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanisogezea benchi, akanipa ile pedi ya kuongozea gari. Akasema, "Lalamika ukiwa umekaa, mtani. Shika hii, tuone kama Mgogo anaweza kuendesha kitu kisicho na mkia." Nilikuwa mtu wa miaka sabini na kitu ambaye maisha yake yote ya kazi alibebwa kwenye kiti cha nyuma cha gari la serikali, faili mapajani. Sijawahi kumiliki gari. Niliishika. Kelele sijazilalamikia tena.

Ili uelewe ninachonyimwa, Mwenyekiti, yafaa nikueleze kidogo kuhusu michezo yenyewe. Iko mitatu kwa Zaidi. Upo wa vikaragosi wanaorushiana maganda ya ndizi njiani ili mwenzao ateleze. Huo sichezi. Nimefanya kazi ofisini miaka mingi na sikuja bandani kurudia yale yale. Upo wa mji mkubwa wenye taa, ambamo unafukuzana na polisi. Ni mzuri wa macho, lakini polisi wake hawasimami pembeni kuzungumza na mtu, kwa hiyo ni vigumu kuamini.

Wa tatu ni wa rali, na huo ndio bora. Barabara yake ni ya vumbi na mawe, kama ile ya Kondoa kabla haijawekwa lami. Ukiingia kona kwa pupa, gari linakuadhibu papo hapo bila kuunda kamati. Ukikanyaga breki kwa wakati, linakutii kama ulizaliwa nalo. Gari likigonga jiwe, pedi inatetemeka mkononi. Mikono yangu inatetemeka siku nzima, kwenye kikombe, kwenye vifungo vya shati, kwenye kitabu cha nyimbo. Pale tu ndipo nisipojua mtetemeko ni wa nani, wangu au wa gari. Juu ya yote, gemu nzuri haijui wewe ni nani. Haiulizi umri. Ukishinda umeshinda, na ukishindwa, imekwisha.

Hali hiyo njema iliendelea mpaka Jumapili moja baada ya Pasaka, Mchungaji alipotangaza kanisani kwamba tumwombee mzee wetu Ndahani, hali yake si ya kuaminika. Kesho yake asubuhi wewe, Mwenyekiti, ulifika bandani ukiwa na wajumbe wawili. Zaidi ameninukulia maneno yako: "Mzee huyu asisumbuliwe. Atakayempita kwenye gemu atapitia ofisini kwangu." Najua ulisema kwa upendo. Hata hivyo, yaliyofuata ni haya.

1. Obedi, ambaye kwenye barabara halisi hajawahi kumpisha binadamu yeyote, wakiwemo wajawazito, sasa hunisubiri kwenye kona. Gari lake linasimama katikati ya rali, injini ikinguruma, mpaka nipite. Nilipomuuliza, alisema amepata hitilafu. Gari la kwenye televisheni, Mwenyekiti.

2. Vijana wengine hawasimami, ila hujigonga ukutani kwa makusudi mara tu ninapokaribia. Wiki iliyopita watatu waligonga mti mmoja kwa foleni. Kisha wakaweka pedi chini, wakasema kwa pamoja, "Shikamoo mzee, hongera." Nimekagua shule kwa muda mrefu na wanafunzi waliofundishwa jibu kabla ya mkaguzi kufika nawatambua.

3. Nilihamia kushindana na magari yanayoendeshwa na mashine yenyewe, nikiamini hayo hayasali kwetu na wewe hujayatembelea. Nayo yalianza kunipisha. Nilichunguza, nikagundua kwamba Zaidi ameingia kwenye mipangilio akashusha ugumu mpaka daraja la watoto wanaoanza. Nilimwuliza mbona mtani wangu anaacha kunitesa. Aliangalia pembeni akaanza kufuta kioo cha televisheni kwa kanga ya mkewe. Mwenyekiti, mtani akiacha kukutania ujue ameshaanza kukuzika.

4. Amebaki mpinzani mmoja tu asiyenihurumia, naye ni mimi. Gemu ya rali huhifadhi mbio zako bora, kisha hukurudishia gari lako la siku ile likiwa kama moshi, ushindane nalo. Langu ni la mwezi wa pili, kabla ya ile picha ya moyo. Linanipita kwenye kona ya tatu na halisubiri. Nimejaribu kulifuata kila Jumanne. Sitaki kulalamika juu yake, kwa sababu angalau ni la kweli, lakini si haki mtu aachwe akimbizane na nafsi yake peke yake wakati kuna vijana wazima kwenye benchi.

5. Siku yangu ikifika wasifu wangu utasomwa mbele ya jeneza. Zaidi atasimama kama mtani kusema neno, na atasema nilikuwa bingwa wa rali pale Makole, sikushindwa tangu Pasaka. Itakuwa kweli kwa hesabu na uongo kwa kila kitu kingine. Wewe utakuwa umesimama mstari wa mbele, umevua kofia, ukiitikia kwa kichwa. Sitaki mtaa mzima uingie dhambini juu ya udongo wangu.

Naomba uangalie jambo hili kwa upana wake. Mji wetu ni makao makuu. Mara ngapi tumesimamishwa pembeni mwa barabara, misafara ya wakubwa ipite kwa kasi bila gari lolote mbele yao? Nilikuwa nikiwaonea wivu. Sasa nimekuwa mmoja wao, Jumanne na Alhamisi, na nakuambia kwa uzoefu: mtu anayepishwa na kila mtu hawezi kujua kama anajua kuendesha. Anafika wa kwanza, anapigiwa makofi, anateremka, na hajui. Kama hali ni hii kwa mzee mmoja mwenye pedi, sitaki kufikiria wenzangu wenye mafuta ya kweli.

Kwa sababu hizo, naomba yafuatayo kwa unyenyekevu. Agizo lako lifutwe kwenye mkutano wa hadhara, kwa kipaza sauti kile kile cha matangazo ya chanjo. Shikamoo zote ziachwe mlangoni pa banda pamoja na viatu, na kila mtu achukue yake wakati wa kutoka. Mchungaji atangaze kwamba nimepata nafuu au, kama dhamiri inamsumbua, atangaze kwamba naumwa, lakini si kwenye kona. Atakayepunguza mwendo kwa ajili yangu afagie soko. Mwisho, ofisi yako inipe barua ya utambulisho inayonithibitisha kuwa kijana siku ya Jumanne na Alhamisi, saa nne asubuhi hadi saa sita mchana. Naahidi kutoitumia kuomba mkopo wa vijana.

Sina ombi jingine katika dunia hii. Nataka mbio moja ambayo mtu mwenye macho yake na nia yake anipite kwa sababu ni hodari kuliko mimi, bila kunigeukia. Nikishaipata, nitalala upande wowote Evelina atakaonigeuzia, na sitakuandikia tena.

Wasalimie wajumbe wako wote wawili, mama watoto, na karani wako ambaye najua ndiye atakayeisoma barua hii kwanza. Msalimie pia Mchungaji, na umwambie maombi yake yanafika, ila yanafika na breki.

Wako katika ujenzi wa mtaa,

Methusela Ndahani
Mkaguzi wa Shule (Mstaafu)

Nyongeza: Barua hii ilikuwa imeshakunjwa leo Jumanne nilipopita bandani kabla ya kukuletea. Nilimkuta binti mgeni, Mwanahawa, mtoto wa dada yake Zaidi, aliyefika jana kutoka Kondoa kusomea uuguzi. Si wa kanisani kwetu na wewe hajakujua. Alinipita kwenye kona ya kwanza. Alinipita mara tatu mfululizo, mara ya tatu akiwa anakula karanga. Obedi alitoka nje. Ndipo binti akaweka pedi chini, akanigeukia. "Shikamoo babu. Hapo kwenye daraja unafunga breki mapema mno."

Mwenyekiti, nimeonja kushindwa kwa haki na sikufurahia hata kidogo. Naona sasa kwamba agizo lako lilikuwa na hekima kubwa, na naomba lisifutwe. Naomba liongezwe nguvu, lihusu wageni, na lianze kutumika kabla ya keshokutwa. Yote niliyoandika hapo juu yachukuliwe kuwa ni ya mgonjwa.

Kuhusu kufa, naomba pia wajumbe wasianze maandalizi yoyote kwa sasa. Zaidi amerudisha ugumu wa gemu mahali pake na ameniita ng'ombe mzee mbele ya watu. Binti naye, alipokuwa akivaa viatu mlangoni, aliniambia, "Alhamisi saa nne, babu. Usichelewe." Tangu Pasaka hakuna mtu aliyenikataza kuchelewa. Nimemwambia Obedi aje kunichukua saa tatu na nusu, na tusipitie zahanati.