Mwenyekiti Aliyepewa Moja

Hati mpya za ardhi zilipotoka, Mwenyekiti Mbuthia alipewa moja, na Wangoi, mjane wa mdogo wake Ishmael, akapewa arobaini na tano.

Hilo lilikuwa tatizo, tena si dogo. Katiba ya Chama cha Wenye Ploti, upande ule wa Kawangware unaopakana na Riruta Satellite, inasema mwenyekiti atakuwa yule mwenye ploti kubwa kuliko wote. Kifungu hicho alikiandika Mbuthia mwenyewe, baada ya kuzitembelea ploti zote na kuona ni kifungu gani kinafaa. Yeye alikuwa na robo eka, wengine nusu ya robo. Kifungu kikafanya kazi vizuri sana. Sasa serikali imepima kwa mitambo, tena kwa hekta. Hati ya Mbuthia inasema 0.1. Ya Wangoi inasema 0.045. Hata Kabiru, katibu wa chama, alipata 0.04, na tangu siku hiyo akawa anaketi akiegemea nyuma.

Mbuthia aliitisha kikao cha dharura sebuleni kwake.

"Wandugu, kumetokea upungufu wa kitakwimu katika ofisi ya mwenyekiti."

"Wewe una moja, mimi nina nne," Kabiru alisema. "Sisemi kitu. Nasoma tu."

"Lakini ploti ya Mwenyekiti si ndiyo kubwa?" aliuliza Nthenya, mweka hazina. "Si tunaiona hapo nje?"

Mbuthia alimtazama kwa huruma. "Nthenya, macho yako yana muhuri? Hati ina muhuri." Kisha akaeleza kwa upole kwamba wapimaji huona mambo ambayo mwananchi wa kawaida haoni. Bila shaka ploti ya Wangoi ilikuwa inaenda chini zaidi.

"Ndio maana choo chake hakijai," Kabiru alisema, na kikao kikaupokea ushahidi huo.

Ilibaki kutafuta suluhisho. Kubadilisha mwenyekiti kungeleta vurugu. Kubadilisha ploti ni karatasi tu. Basi ikapitishwa kwamba Mbuthia na Wangoi wabadilishane, kila ploti pamoja na vilivyo juu yake, kwa manufaa ya utulivu.

Wangoi aliitwa, akafika wakati ugali wa wajumbe unawekwa mezani.

"Shem, kiti baki nacho," alisema. "Mimi sikitaki. Ile nyumba Ishmael alinijengea kwa mikono yake. Hapo sitoki."

"Kiti cha kupewa na mjane si kiti," Mbuthia alijibu. "Una arobaini na tano, nina moja. Tunataka haki."

Wangoi aliangalia ile hati, akamwangalia yeye, akavuta sinia la ugali.

"Haya. Huu ugali ni hekta nzima. Nakata vipande kumi sawa. Moja yako imekaa jirani na nukta, kwa hivyo wewe una kimoja cha hivi." Akamwekea kipande kinono kwenye sahani. "Mimi hapo jirani na nukta nina sifuri. Sipati kitu." Akachukua kipande kingine, akakikata mara kumi. "Nafasi ya pili ni hivi vidogo. Ninavyo vinne." Kidogo cha tano akakikata mara kumi tena, kikawa makombo. "Nafasi ya tatu. Makombo matano, hayo yangu. Sasa angalia sahani yako na yangu, uniambie nani atalala na njaa."

Kabiru aliinama juu ya meza, akahesabu kwa kidole.

"Yeye ana tisa. Mwenyekiti ana kimoja."

"Na amejikatia mwenyewe mbele ya mashahidi," Mbuthia alisema.

"Shem, si wingi wa vipande. Ni pale vinakaa. Ukishaona sifuri imekaa mbele, hizo zinazofuata hata zikiwa tisa tupu haziwezi kufika kwa moja yako."

"Mama, wacha uchoyo. Mwenye arobaini na tano unamlilia mwenye moja?"

Wangoi alikataa kusaini. Chama, ambacho ndicho chenye mfereji wa maji wa mtaa, kikafanya matengenezo ya dharura kwenye bomba lake peke yake. Matengenezo yaliendelea hadi aliposaini. Akiweka kalamu chini alisema, "Nimekuambia mbele ya watu." Kabiru aliandika kwamba Mama alitoa shukrani. Wangoi alirudi, akang'oa mlango ambao mumewe aliuchonga, akahama nao.

Mbuthia hakupoteza muda. Ploti ya moja ilibeba vyumba ishirini na vinne vya kukodisha, kwa hivyo ya arobaini na tano ingebeba vyumba elfu moja na themanini. Hesabu aliirudia, haikuwa na kosa. Akamwita Walubengo, fundi wa mabati kutoka Laini Saba, Kibera, akamwonyesha kiwanja.

Walubengo alivuta kamba huku na huku. "Mzee, hapa ni vyumba kumi na kimoja. Na wapangaji wako wapite wakitanguliza bega."

"Hivyo vingine vitaingia chini. Chimba."

Walubengo alichimba, kwa sababu alilipwa kwa siku. Hatimaye kichwa chake kikatokeza shimoni.

"Boss, nimefika kwa mawe. Ploti imeisha."

Mbuthia aliinama ukingoni, akayachungulia hayo mawe. Ng'ambo ya ua, wapangaji waliokuwa wake walikuwa wakimsalimia Wangoi, landilodi wao. Nabalayo, anayekaanga samaki pale getini, alimwita Mbuthia kwa heshima, "Baba Shiru, sasa ukija huku uwe ukibisha."

Usiku haukuingia kabla hajamtafuta Kabiru. Alitaka kukata rufaa, arudishiwe ploti.

"Inawezekana," Kabiru alisema. "Itabidi uandike kwamba 0.1 ni kubwa kuliko 0.045."

"Nitaandika."

"Na 0.1 sasa ni ya nani?"

Mbuthia alikunjua hati, akaikunja tena.

"Ya Wangoi," Kabiru alisema. "Basi ukiandika hivyo, kwa mujibu wa kifungu chako, yeye ndiye mwenyekiti. Niandike?"

Mbuthia alifikiri kwa makini, kama inavyompasa kiongozi. Kisha akaagiza iandikwe kwamba mwenyekiti ameridhika na ukubwa wa ploti yake.

Kiti alibaki nacho. Kilimgharimu vyumba ishirini na vinne vyenye wapangaji, vyoo vitatu, tangi la maji, mparachichi mmoja unaozaa, na geti la chuma. Ardhi yenyewe iliyomtoka ni hekta 0.055, kubwa kuliko ile 0.045 aliyobaki nayo, na ni hesabu pekee ambayo yeye na Wangoi wangeisoma kwa namna moja.