Nontsapho Alikufa Jumatatu

Jumatatu, 7 Agosti

Nimemuua Nontsapho. Saa kumi na mbili na dakika ishirini na mbili jioni, hewani, mji mzima wa Komani ukisikiliza. Kajitupa kutoka darajani. Mto ulikuwa beseni la bati na ndoo tatu za maji. Mlio safi sana!

Hii ilikuwa sehemu ya tisa ya mchezo wangu wa redio. Zimebaki nne. Uandishi sikufundishwa na mtu. Nilikaa miaka ishirini na miwili kwenye mizani ya malori, nikajifunza kati ya lori na lori. Sasa nina nusu saa yangu kila Jumatatu na Alhamisi. Phakade Ntshinga, mwalimu mstaafu mwenye mchezo wake wa mwizi wa ng'ombe, anaimezea mate nusu saa hiyo. Aendelee kumeza.

Nontsapho ndiye siri ya mchezo. Alipozaliwa aliandikwa mvulana. Leo mchumba wake kajua, na yeye kafa. Lazima. Nimehesabu hadithi kumi na nne zenye mtu wa aina hiyo: kumi na mmoja wanakufa, wawili ni wauaji, mmoja anachekesha. Nimefuata walio wengi. Kwenye mizani tulifanya vivyo hivyo.

Alhamisi ni mazishi. Mchungaji atasoma jina lake la zamani, la kiume, mbele ya jeneza. Kishindo! Watu wataangusha vikombe.

Jumanne, 8 Agosti

Saa moja asubuhi mlango umegongwa. Wanawake kumi na sita, mashali meusi, wa chama cha kuzikana cha Masincedane. Mbele yao MamGcina, mwenyekiti, kifua kama kabati. Hawakungoja kukaribishwa. Wametoa kitanda changu uani. Wametandaza godoro sakafuni, wamegeuza kioo kikatazama ukuta, wameketi, wameanzisha wimbo wa msiba.

Nimeuliza nani kafa. Wamenitazama kama mtu aliyepiga mluzi kanisani. Nontsapho, nani mwingine!

Kosa langu. Katika sehemu ya tatu nilimfanya Nontsapho mwanachama wa Masincedane, chama chenyewe cha hapa hapa, ili mchezo unukie Komani. Kumbe walifurahi, wakamwandika kweli. Daftari nimeonyeshwa: namba 84. Na mwanachama akifa, wenzake huenda nyumbani kwa aliyemzaa, wakakaa godoroni mpaka azikwe. Wamekaa kikao, wamepiga kura. Aliyemzaa ni mimi.

Nimemweleza MamGcina, kwa upole, kwamba hii ni redio. Kanijibu kwamba anajua ni redio, yeye si mbuzi, alikuwa na redio wakati mimi bado natambaa. Lakini daftari ni daftari. Kisha kauliza mchungaji atasoma jina gani Alhamisi. Ameshasikia! Mzoli, mwimba besi wa kwaya anayeigiza Nontsapho kwa kubana pua, karopoka buchani. Nikasema jina la zamani, ndio utamu wenyewe.

Wimbo ukakatika katikati ya ubeti. MamGcina kaniita kwa jina la ukoo, kwa heshima, kama unavyomsemesha kondoo huku unatafuta kisu. "Tolo. Kwenye daftari letu yuko Nontsapho. Huyo mwanamume wako hatumjui, hajawahi hata kutupikia chai. Mzike mwenyewe."

Saa nne kapiga simu Pelokazi, meneja wa redio. Kwa kawaida sehemu moja huleta malalamiko mawili. Hii imeleta sitini na moja. Kasema Alhamisi isipotuliza watu, kuanzia Jumatatu nusu saa ni ya Phakade. Nikamkumbusha miaka yangu ishirini na miwili. Kanikumbusha kwamba ilikuwa mizanini.

Saa sita kaja Phakade mwenyewe kunipa pole. Mswada kwapani! Kala skonzi saba za waombolezaji. Kasema Bwana alitoa, Bwana ametwaa, na Bwana hapendi saa kumi na mbili jioni ikae tupu.

Jumatano, 9 Agosti. Siku ya Wanawake, sikukuu

Nimelala jikoni. Wanawake wameimba mpaka jogoo akakata tamaa.

Nina mpango. Khanyiswa, anayechomelea mageti nyuma ya stendi, ni mwanamke kama Nontsapho. Mji mzima unajua na mji mzima una mageti yake. Akisema mchezo wangu ni mzuri, nani atabisha? Nimempelekea maandishi ya sehemu zote kumi pamoja na kuku aliyechomwa. Nimemwomba sahihi tu. Kusoma si lazima, nikasisitiza.

Kasoma. Yote! Kakaa juu ya ndoo, miwani ya kuchomelea kapandisha kichwani. Mimi nimesimama nimeshika kuku.

Sehemu ya nne kacheka mpaka ndoo ikapinduka. Ndiyo ile Nontsapho anaingia hospitali Ijumaa saa tatu mwanamume, anatoka saa tisa mwanamke, ngoma zikilia. Kauliza kama walikuwa wanambadilishia tairi. Kasema yeye hakugeuzwa na mtu. Alikuwa mwanamke tangu alipojijua. Madaktari walikuja baadaye, polepole, miaka, na wako wenzake ambao hawajamwona daktari kabisa na ni wanawake vilevile.

Na maneno yangu je, kauliza, "mgonjwa wa kugeuka" na "mwanamume aliyekatwa", nimeokota jalala gani? Nikajitetea kwamba nimeyatoa kwenye kitabu cha daktari, kinene, maandishi ya dhahabu mgongoni. Cha mwaka gani? 1961. Kasema mwaka huo vitabu vilimwita hata bibi yake mgonjwa kwa sababu alitaka kuvaa suruali. Siku hizi watu wanasema mwanamke aliyebadili jinsia, au trans kwa kifupi, na mara nyingi zaidi wanasema Khanyiswa, geti langu liko tayari?

Nikatoa hesabu yangu. Kumi na moja kwa kumi na nne! Kasema naye kahesabu: Nontsapho analia mbele ya kioo mara kumi na moja. "Mimi, Tata," kaniita baba kwa lugha ya kwetu, "kioo nakitazama asubuhi nione kama nina dawa ya meno shavuni. Basi. Huyu mwenzangu kapanga ndani ya kioo?" Kisha kauliza Nontsapho anafanya kazi gani.

Sehemu tisa, na sikumpa kazi! Mimi, mtu wa kazi, nimemwacha mwanamke mzima akae bure tangu Julai. Hilo limeniuma kuliko yote.

Alipofika kwenye mazishi hakucheka. Karudia kusoma ukurasa ule mara mbili. Kasema yeye ni namba 31 wa Masincedane. Mama yake anasikiliza mchezo wangu, na kaka zake wanasikiliza, na wale kaka bado wanamwita kwa jina la zamani. Siku akifa, ni wao watakaosimama karibu na mchungaji. "Nataka kusikia jina gani litasomwa. Hicho tu ndicho nilichokuwa nasikilizia kwenye redio yako, Tata. Mengine ni kelele."

Nikamwambia geti lake mwenyewe lina kutu.

Sahihi hakuna. Ana masharti: Nontsapho awe hai, lile jina lisitajwe, apewe kazi, na Mzoli aachie pua yake. Nikauliza, kwa ukali, basi ataigiza nani, kesho hiyo hiyo? Kasema yeye. Atafunga karakana saa kumi na moja. Kuku kabaki naye.

Alhamisi, 10 Agosti

Nimeandika tangu alfajiri, karatasi juu ya jiko. Kufufua mtu ni kazi rahisi kuliko nilivyodhani: mchumba alikuwa amelewa, kaota. Mistari minne! Daraja lote, mto wote, ndoo zote tatu, ndoto.

Kazi ya Nontsapho: karani wa mizani ya malori. Ndiyo kazi ninayoijua, na kama mtu anataka kulalamika aje nimpime.

Saa kumi na moja na nusu wanawake kumi na sita wamefika redioni. Na godoro langu! Wamelitandaza ukumbini mlangoni mwa studio, wameketi, kimya, MamGcina kashika daftari na kalamu. Kasema amekuja tayari. Ama anafuta namba 84, ama hafuti. Phakade naye yupo, suti ya Pasaka, amekaa kiti cha mbele kabisa.

Khanyiswa kaingia kwa kuchelewa, masizi mkononi. Taa nyekundu ikawaka. Mchumba akaamka, akapiga mayowe, akapiga simu. Ikalia mara tatu. Nilikuwa nimeandika mara mbili; ya tatu kaiongeza Khanyiswa kwa ukatili. Nikaona kichwani nusu saa yangu ikiondoka na mwizi wa ng'ombe.

Kisha: "Mizani hapa. Nani anaongea?"

Vigelegele vimepenya ukuta! Vimeingia hewani, vimefunika mistari sita, na mmojawapo ulikuwa mzuri. Mchumba kalia, kasema anajua yote, ameota ujinga, na je, leo wanakula nini? Umngqusho wa maharage, kajibu Nontsapho, na akome kunywa. Kisha akamzuia dereva wa lori, aliyeigizwa na Mzoli kwa sauti yake aliyopewa na Mungu, besi, raha tupu. "Umezidisha tani nne na nusu, kaka. Shusha." Dereva kabembeleza. Nontsapho kasema hata angekuwa shemeji yake angeshusha. Hakuna jina lililosomwa. Hakuna aliyekufa. Magunia yalishushwa.

Nilipotoka, MamGcina alikuwa kafunika kalamu. Kasema aliyeotwa amekufa huishi miaka mingi, na kwamba daftari halina haja ya kuchafuliwa. Nimekaa kwenye godoro.

Ijumaa, 11 Agosti

Pelokazi kapiga saa tatu. Simu themanini na nane. Malalamiko matatu, na mawili kati ya hayo ni Phakade kwa sauti mbili tofauti. Nusu saa ni yangu! Na si sehemu tatu zilizobaki tu: wanataka mchezo mwingine baada yake, sehemu kumi na tatu.

Nimekaa chini kidogo. Nimekunywa chai. Imekuwa tamu bila sukari, mpaka nikakumbuka kwamba sukari yote waliimaliza waombolezaji.

Pelokazi kasema simu ya arobaini na saba ilikuwa ya mama yake Khanyiswa. Hakulalamika, hakusifu mwandishi. Alitaka tu kuuliza yule binti yake anaigiza tena lini, ili awaite wale kaka zake waje kusikiliza. Kasema "binti yangu", na kalitaja jina: Khanyiswa. Sikuuliza kama mama alisema lolote kuhusu ile ndoto, ingawa nilitaka sana.

Kitanda kimerudi chumbani. Wamekirudisha kichwa upande wa miguu. Nitalala hivyo hivyo, kama mfalme.

Jumapili, 13 Agosti

Jana Masincedane wamenialika. Pombe ya umqombothi, nyama, nyimbo za furaha. Khanyiswa kakaa meza kuu, watu wanamwagiza mageti kwa sauti ya Nontsapho. Nilisimama nikaeleza jinsi nilivyopanga mambo yote haya tangu mwanzo. Wamecheka mno. Watu wa hapa wana furaha.

Leo nimeanza mchezo mpya. Mwalimu kipofu. Wazo la pekee, sijui wenzangu walikuwa wapi! Anagusa nyuso za watu, anasikia mende akitembea, analia dirishani sehemu tano. Sehemu ya saba, kishindo: kumbe anaona! Sehemu ya tisa anatumbukia kisimani.

Mtaa wa pili anakaa Bwana Qaqamba, haoni tangu utotoni, anatengeneza saa. Nimefikiria kwenda kumuuliza mawili matatu. Halafu nikaona ni kumpotezea muda. Atafurahi zaidi akisikia kwa mshtuko, pamoja na wengine.