Njia ya Kima Imefagiliwa

Leo, jamani, nimepatikana! Mwenye kucheka achekee kwake.

Munajua kazi yangu: kuipangia koperative ya Butare wapi pa kukata mikaratusi na wapi pa kuacha. Sharti ni moja. Ukanda wa miti usiguswe, toka msitu wa juu mpaka ule wa bondeni, ili kima wapite. Bila huo ukanda hakuna ruhusa ya kukata msimu huu. Na Maman Vestine, mkubwa wa koperative, nyumba yake inavuja, anangoja mbao za paa.

Juma lililopita niliwaeleza wote. Kinyarwanda changu kinachechemea (nimekulia Bukavu, munisamehe), nikatumia Kiswahili: "Hapa tunawaachia kima njia." Wakapiga makofi. Nikarudi ofisini Kamembe kifua mbele.

Leo asubuhi nikamleta shefu wangu, mwenye kutoa ruhusa, aone. Nikajisifu weee! "Shefu, hawa watu wamenielewa vizuri sana."

Tukafika. Mungu wangu!

Vichaka vyote vimefyekwa. Chini kumefagiliwa. Kando wamepanga mawe, wameyapaka chokaa! Na katikati Papa Deo, mkata mbao wao, ameshika msumeno wa mota, anauwasha aangushe na miti.

"Simama, Papa!" Nikakimbia, nikateleza (si nimesema palifagiliwa?), nikamfikia kwa makalio. Suruali ikasema chwaa, ikapasuka nyuma!

Papa Deo akazima msumeno. "Ulisema njia. Njia gani iko na miti katikati?"

Maman Vestine naye akaja juu: "Tulifanya umuganda muzima hapa, kazi ya batu bote! Banyama bapite mu pori, siye tuko batu gani?"

Shefu akainama. Nikadhani analia, kumbe anacheka. Mara majani yakatikisika juu yetu. Kima watano, tawi kwa tawi, hata hawakututazama.

Maman Vestine akatazama juu, akatazama ufagio wake. "Kumbe banapitaka kule! Sasa mawe yangu?"

Shefu akasema miti yote imesimama, vichaka vitaota, ruhusa atatoa. Maman Vestine akapiga vigelegele, akanikumbatia. Nawapenda hawa watu, wallahi! Nikageuka kwenda kupanda moto, pikipiki yangu.

"Ngoja, mwana wangu." Akafungua kitenge chake cha juu, akanifunga kiunoni mwenyewe. "Hii njia ya nyuma, tusiiache wazi."