Karani Mmoja kwa Kila Kata

Jumatatu, 16 Juni
Mtendaji wa kata, Bi Eugenia, ametangaza saa mbili na robo: bajeti mpya ya halmashauri inalipia karani mmoja tu hapa Visiga. Tuko wawili, mimi na Hamisa. Mmoja atahamishiwa Kisarawe. Mkaguzi anakuja Alhamisi kuona nani anahitajika. Nyumba yangu Misugusugu imefika kwenye lenta, bado paa. Nikihamishwa, itabaki kwenye lenta! Namshukuru Bi Eugenia kwa kutuambia mapema. Siku tatu zinanitosha kuonekana ninahitajika.

Jumanne, 17 Juni
Nimehamishia feni mezani kwangu. Wananchi watafuata upepo. Saa nne feni imepeperusha fomu kumi na nne hadi kwa Hamisa. Kazishughulikia zote, kisha kauliza kama ninazo nyingine za kumrushia. Nimemshukuru.

Jumatano, 18 Juni
Mpango wa maana. Nimempigia shemeji yangu, Abednego. Kesho alete watu kumi wapange foleni kwangu tu, kila mmoja aulize swali dogo aondoke. Kasema watu hawakosekani, hata ishirini. Familia ni baraka!

Alhamisi, 19 Juni
Wamekuja ishirini na watatu. Wakaona ofisi iko wazi na karani yupo, wakakumbuka shida za kweli! Ngeleja, mfugaji, ana mgogoro wa mpaka tangu mwaka juzi. Mama mkwe anataka barua ya utambulisho. Abednego mwenyewe katoa faili chini ya shati. Nikamnong'oneza kwamba tulikubaliana swali dogo. Akajibu kwa sauti: "Shemeji, nitakupata wapi tena?" Nimehudumia kumi na tisa bila kula. Hamisa kanipokea wanne, akiuliza kama hii ni ofisi au harusi yangu. Mkaguzi, Bwana Mwishehe, kakaa benchini saa tatu nzima akiandika. Ngeleja kapokea barua yake ya kwenda baraza la ardhi, kanishika mkono kwa mikono miwili. Sikujua niangalie wapi.

Ijumaa, 20 Juni
Bwana Mwishehe kasoma taarifa saa tatu kamili. Kwa Hamisa hakuna anayesubiri, kwa hiyo Visiga inamtosha. Mimi nimethibitisha kwamba ninauweza umati. Kisarawe kuna umati. Bi Eugenia kapiga makofi. Ngeleja kaniletea lita tano za maziwa. Nawashukuru wote, kwa dhati. Naripoti Kisarawe Jumanne, 1 Julai, saa moja na nusu. Mkaguzi atapita huko Septemba. Nimeshamwomba Latifu, mwenyeji wangu wa huko, aniandalie watu kumi. Safari hii wawe hawana shida kabisa.