Ulinzi wa Gari la Baba Mkubwa

Jumatatu, 22 Desemba 2025
Baba mkubwa Yustus amefika Nyakasimbi kutoka Mwanza kwa ajili ya Krismasi. Ana gari jipya! Halichomekwi ufunguo. Ufunguo unakaa mfukoni, yeye anabonyeza kitufe tu, gari linanguruma.

Ametangaza kwamba akirudi ataondoka na mmoja wetu, akajifunze kazi kwenye duka lake la vifaa vya umeme. Tuliomaliza kidato cha nne ni wawili: mimi na Vero, mtoto wa shangazi. Vero ana sauti. Alipotoa shikamoo, ng'ombe wa jirani waligeuka. Mimi nilitoa yangu, Baba mkubwa akamuuliza Bibi kama naumwa.

Sauti sina. Nitatumia vitendo.

Jumanne, 23 Desemba
Redio imenisaidia. Magari ya aina hii yanaibwa bila kuvunjwa. Mwizi mmoja anasimama karibu na nyumba na kifaa cha kudaka mawimbi ya ufunguo. Mwenzake anasimama kwenye gari na kifaa cha pili. Gari linadhani mwenyewe amefika. Linafunguka, linawaka, linaondoka. Na Baba mkubwa anatundika ufunguo kwenye msumari wa mlangoni!

Dawa ni kuufunika, mawimbi yasitoke. Kwetu samaki, samli, kila kitu hufungwa kwa jani la mgomba, na hakuna kinachovuja. Nikaufunga mara tatu, nikaenda nao kwenye gari kujaribu. Mlango ukafunguka. Sikutegemea.

Baba mkubwa alinikuta na kifurushi mkononi. Akauliza kama ni chakula. Nikaitikia kwa kichwa. Akanitakia mlo mwema.

Jumatano, 24 Desemba
Leo redio imemalizia: kumbe inatakiwa bati! Bibi ana kopo la maziwa ya unga ambamo huweka kahawa ya kutafuna ya wageni. Mfuniko umekaza. Nimeufukia ufunguo chini ya kahawa, nikaenda na kopo mkononi kuvuta mlango wa gari. Kimya. Nikavuta tena. Kimya! Nilitamani kumwambia mtu. Nimekuambia wewe, daftari.

Mpango: ufunguo ukikaa bila mtu, naufukia. Akikaribia kuuhitaji, naurudisha msumarini. Siku ya kuondoka nitamweleza yote, na Vero atabaki na sauti yake.

Ijumaa, 26 Desemba
Baba mkubwa alilala baada ya chakula. Nikaufukia. Akaja mzee Ahimbisibwe, mfugaji kutoka Songambele, rafiki wa marehemu Babu. Kila Krismasi huleta samli. Bibi akanituma kisimani. Niliporudi mgeni alikuwa ameondoka. Siku nzuri, tulivu.

Jumamosi, 27 Desemba
Ufunguo haupo msumarini. Kopo nalo halipo. Bibi amesema mgeni haondoki mikono mitupu, kwa hiyo alimpa mzee kahawa pamoja na kopo lake.

Baba mkubwa alipekua magodoro yote. Akasema safari imeharibika, na kwamba humu ndani kuna mwizi. Vero akaniangalia. Akasema, "Benadeta, mbona unatetemeka hivyo? Umekula nini, mwenzetu?"

Nikamnong'oneza Bibi sikioni. Bibi akapiga ukelele uliosikika hadi barabarani: "Ee Mungu wangu! Ina maana Ahimbisibwe atautafuna ufunguo?"

Basi, wote wamejua.

Jumapili, 28 Desemba
Tumekwenda Songambele kwa pikipiki mbili. Njia nzima Baba mkubwa hakugeuka kuniangalia.

Mzee hakuutafuna. Alipouona, mweusi, unang'aa, una pete, alijua Bibi amemheshimu kwa pambo la mjini. Akamvisha mtamba wake bora shingoni. Mtamba alikuwa malishoni. Tulimkimbiza hadi saa tisa. Baba mkubwa alianguka mara mbili. Mzee alipourudisha alisikitika, akasema mtamba alikuwa ameshauzoea.

Nyumbani nikaulizwa sababu. Nilieleza habari za mawimbi nikiangalia sakafu. Vero akacheka hadi akakaa chini. Baba mkubwa hakucheka. Aliomba kopo jingine, akautia ufunguo, akaenda nalo kuvuta mlango wa gari. Akavuta tena. Akarudi ndani. Kisha akasema kwamba dukani kwake anataka mtu anayejua vitu hivi, na kwamba Benadeta ndiye atakayekwenda.

Mimi!

Sharti ni moja: nisiuguse tena ufunguo wake. Nimeapa mbele ya Bibi.

Jumatatu, 29 Desemba
Kiapo nimekitunza. Sijaugusa.

Ila alfajiri Baba mkubwa alipakia mikungu ya ndizi, akaacha milango wazi, akaingia kunywa chai, ufunguo ukiwa mezani, bila kopo! Na majirani wamejaa uani kutuaga, wengine siwajui. Nikafungua boneti. Nikalegeza waya wa betri kwa spana ya baiskeli, nati nikaiweka mfukoni. Gari lisilo na umeme halidanganywi na mwizi yeyote.

Tumeshaombewa safari. Nimekaa kiti cha mbele, mkanda nimefunga. Baba mkubwa amebonyeza kitufe mara tisa. Jasho linamtoka. Ameuliza kwa ukali kama nimeugusa ufunguo. Nimejibu ukweli, kwamba sijaugusa. Vero amekwenda mbio kumwita fundi, ila kwanza amelileta sanduku lake la nguo karibu na gari, sijui kwa nini.

Ninasubiri Baba mkubwa atulie ndipo nimpe habari njema, kwamba gari lake liko salama kabisa.