Bibi wa Chumba Namba Nne

Leo nimetangaza msiba usiokuwepo. Siku ya kwanza ya kazi. Na nikaulilia mwenyewe, kwa sauti, mpaka mbwa wa jirani akaitikia.

Ngojeni niwaeleze mimi kabla Wambui hajaanza kusambaza ya kwake, maana yeye huwa anaongeza chumvi.

Mnajua tangu ghala la Lidcombe litupunguze wakati wa lockdown nimekuwa nyumbani Campbelltown, namsaidia mama kukunja nguo ambazo zimeshakunjwa. Mnajua pia ndoto yangu: hoteli yangu mwenyewe, vyumba kumi na viwili, mapazia ya kijani. (Mapazia nimeshachagua. Hoteli bado.) Kwa hiyo Wambui, yule dada Mkenya wa kanisani kwetu anayesomea unesi, aliposema kazini kwake wanatafuta mtu wa usafi, nilikubali kabla hajamaliza sentensi.

Kazi yenyewe iko kwenye nyumba ya wageni ya kale, kando ya barabara ya kwenda kusini. Zamani magari ya kukokotwa na farasi yalisimama pale. Abiria walikula, walilala, farasi wakabadilishwa, safari ikaendelea. Siku hizi chini ni mgahawa na juu ni vyumba sita. Korona iliifunga miezi mingi, na Ijumaa ijayo inafunguliwa. Bosi, mama mmoja anaitwa Helen, aliniambia kwenye simu: njoo ufanye asubuhi moja ya majaribio. Ukifanya vizuri, kazi ni yako. Ukiharibu, asante na safari njema. (Hilo la safari njema nimeongeza mimi, lakini sauti yake ilikuwa inaelekea huko.)

Basi leo nimefika mapema. Mvua ya wiki nzima, mito imejaa, barabara nyingine zimefungwa, lakini mimi nimefika. Nikaskani kwa simu ile alama ya kujiandikisha ya mlangoni, nikapaka dawa mikononi, nikavaa barakoa mpya. Bosi alinisalimia kwa kiwiko, akasema leo ana shughuli ya familia na kichwa chake hakipo, Wambui atanielekeza. Akapotea kupitia mlango wa nyuma.

(Hiyo shughuli ya familia ishikeni. Mimi sikuishika.)

Wambui akanikabidhi ndoo na matambara.

"Bya, sikiza," akasema, "hii nyumba iko na mwenyewe."

"Si Helen?"

"Mwenyewe mwenyewe. Huko juu, namba nne."

Akanipa kisa chote tukiwa tunajaza maji. Enzi za farasi kulikuwa na mama mmoja alikuwa anaishi pale. Mume wake alienda mjini, akaahidi kurudi asubuhi. Mvua ikanyesha kama hii. Mto ukajaa, ukabeba gari zima, na farasi wanne na kila aliyekuwa ndani. Watu wa nyumba wakapata habari, lakini hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia yule mama. Wakamwacha angoje. Akangoja dirishani mpaka akafa.

"Na mpaka leo anakaa hapo," Wambui akasema. "Nguo nyeupe, macho kwa barabara. Wageni wanatoka mbali kuja kumwona."

"Wewe umemwona?"

"Mimi nikisafisha namba nne naimba pambio na macho nimefunga."

"Sasa unasafishaje na macho umefunga?"

"Ndio maana nimekuleta wewe, mrembo."

Akacheka. Mimi sikucheka. Ni vile nina moyo laini, mnanijua. Kilichoniuma si mzimu. Kilichoniuma ni hao watu walionyamaza.

Kule kambi ya wakimbizi ya Kigoma nilikokulia, Mapendo, mama yangu mdogo, alimngoja mume wake namna hiyo hiyo. Mume alikuwa amebaki Kongo. Kila gari lililoingia na watu wapya, mama mdogo alikuwa wa kwanza kufika, amejipaka mafuta, ana kanga safi. Watu wazima wote walikuwa wanajua mume amekufa. Wakawa wanaangalia chini tu. Mwisho mke wa mchungaji ndiye aliyekwenda. Akamkalisha, akamuuliza kama amekula, akampa maji, akaanza mbali, halafu akamwambia. Na mara tu alipomwambia, akaanza yeye kulia, ili mama mdogo asilie peke yake. Mama mdogo alilia siku tatu. Siku ya nne akala, akalala. Alikuwa hajalala vile kwa miaka.

Kwa hiyo nimepanda ngazi na ndoo, huku nawaza huyu mama wa dirishani ameangaliwa na wageni wangapi, wamempiga picha ngapi, na hakuna hata mmoja aliyemwambia apumzike.

Chumba namba moja, safi. Namba mbili, safi. Namba tatu nilisugua bomba la bafuni mpaka nikajiona ndani yake nimevaa suti, niko kwenye hoteli yangu. Saa nne na nusu nikafika namba nne.

Mlango ulikuwa wazi kidogo. Nikabisha. "Hodi," nikasema, kwa Kiswahili. (Sijui kwa nini. Nilifikiri mtu aliyekufa hana tatizo la lugha.)

Nikasukuma.

Alikuwepo.

Wandugu, alikuwepo. Amekaa kwenye kiti cha dirishani, kanipa mgongo. Nywele nyeupe. Gauni jeupe mpaka kwenye vifundo vya miguu. Anaangalia barabara. Nikasema hodi tena, hakugeuka. Nikakohoa, hakugeuka. (Na mwaka huu ukikohoa, hata mzimu ulipaswa kugeuka.)

Miguu yangu ilisema tuondoke. Nilikuwa nimeshashika kitasa. Lakini ndipo nikaona mabega yake. Yalikuwa mabega ya mama mdogo Mapendo kabisa, yale ya mtu aliyechoka kukaa wima.

Nikaweka ndoo chini. Nikarekebisha barakoa. Nikasogea mpaka alipoweza kuniona, nikasimama mita moja na nusu. (Sheria ni sheria.)

Akageuka. Macho ya bluu, makubwa.

"Amefika?" akaniuliza, kwa sauti ya juu kidogo.

"Nani, bibi?" Hapo kwa Kiingereza changu, mnakijua kilivyo, na kwa sauti ya juu vilevile.

"Mume wangu. Walisema asubuhi hii."

Nikahisi moyo unaniyeyuka. "Umemngoja sana?"

"Naona kama miaka mia," akasema.

Sasa jamani. Mngekuwa nyinyi mngefikiri nini?

Nikafanya kama mke wa mchungaji. Kukaa, alikuwa ameshakaa. Nikamuuliza kama amekula. Akasema hana hamu. Nikaona sawa, mzimu utakuwa na hamu ya nini. Kulikuwa na jagi mezani, nikammiminia maji kwenye glasi, nikaiweka karibu yake, nikarudi nyuma. Akanywa. Akamaliza yote. Nikainama kidogo kuangalia chini ya kiti kama yanamwagika. Hayakumwagika. Hapo ndipo ningepaswa kushtuka. Sikushtuka. Nilifikiri tu, maskini, kiu ya miaka yote hiyo.

Nikapiga magoti. "Bibi, wewe ni mama yangu. Nitakuambia jambo, na nitakuwa hapa, sitaondoka."

Uso wake ukabadilika. "Ni kuhusu mume wangu?"

"Ndiyo. Mvua imenyesha sana. Mto ulijaa. Gari lake likabebwa na maji. Hakupona, bibi. Hakuna aliyepona. Usiendelee kungoja. Lala upumzike."

Akatoa sauti ambayo siwezi kuiandika. Akashika kifua.

Na mimi, kama nilivyofundishwa, nikaanza kulia. Si kilio cha kujificha kwenye leso. Kilio cha nyumbani, kile cha mikono kichwani, cha kumwita marehemu. Jina lake sikulijua, nikamwita baba. "Baba weee, umetuachia nani." Ndipo yule mbwa akaitikia.

Miguu ikasikika kwenye ngazi. Bosi akaingia mbio, Wambui nyuma yake na fagio.

"Mama!" bosi akapiga kelele, akakimbilia kwa yule bibi. "Mama, kuna nini?"

Nikasimamisha kilio. Nikawaza: kumbe bosi naye anauona mzimu. Na anauita mama. Kumbe hii biashara ni ya ukoo.

"Baba yako amekufa," bibi akasema. "Gari la wagonjwa limechukuliwa na mto. Huyu kijana wa hospitali ameniambia."

Kijana wa hospitali. Mimi. Barakoa, glavu, na aproni ya bluu niliyopewa na Wambui.

Bosi akawa mweupe kuliko gauni la mama yake. "Nani amekuambia hivyo?" akaniuliza. "Nimeongea na dereva sasa hivi. Nani amekupigia simu?"

Nikafungua mdomo. Sikuwa na kitu kingine cha kusema isipokuwa ukweli.

"Wambui," nikasema.

"Mimi?" Wambui akaruka. Halafu akamwangalia bibi, akaangalia dirisha, akaniangalia mimi na machozi yangu, na nikaona akili yake inafika mahali yangu ilipokuwa. Akaniambia kwa Kiswahili, polepole, kama mtu anayeongea na mtoto aliyeshika kisu: "Bya. Sema hukumwambia ile stori."

"Nimemwambia apumzike."

"Wee Bya. Huyo ni mamake bosi. Ako hai."

Nikamwangalia bibi. Kwenye meza, kando ya jagi, kulikuwa na vifaa viwili vidogo vya masikioni, vya kumsaidia kusikia. Baadaye nimeelezwa kwamba kamba za barakoa zilikuwa zinavidondosha kila mara, ndiyo akavitoa. Bosi alikuwa amemleta leo asubuhi kupitia mlango wa nyuma, akamweka namba nne kwa sababu dirisha lake linaona barabara. Mume wake alikuwa amelazwa hospitali ya Westmead wiki sita. Wageni hawaruhusiwi. Wiki sita hajamwona. Leo ndiyo siku ya kurudi.

Na mimi nimemzika kwenye mto.

Kabla sijapata mahali pa kujificha, nje ikasikika honi. Sote tukakimbilia dirishani. Gari jeupe. Wahudumu wawili na ngao za plastiki usoni wakafungua mlango, wakateremsha kiti cha magurudumu, na juu ya kiti mzee mwembamba kama ufito, blanketi magotini. Akainua uso kwenye dirisha letu, akapunga mkono.

Bibi aliteremka zile ngazi bila kushika popote. Mimi nilibaki juu na ndoo yangu, naangalia pale chini kwenye mvua, yule bibi ameinama ameweka paji la uso wake kwenye kifua cha mzee, na mhudumu mmoja anajaribu kuwakumbusha mambo ya umbali, mwingine anamvuta mkono awaache.

Nikalia tena. Safari hii bila kufundishwa na mtu.

Nikaanza kukusanya matambara. Nilijua kazi imekwisha, nilikuwa nawaza tu nitamwambia nini mama. Bosi akaniita chini.

Walikuwa sebuleni karibu na moto. Bibi amevaa vifaa vyake vya masikioni. Mzee akanitazama kutoka juu mpaka chini.

"Wewe ndiye uliyeniua?"

"Ndiyo, bwana. Samahani."

"Nilikufaje?"

"Maji, bwana."

"Peke yangu?"

"Na farasi wanne."

Mzee akatafakari. "Farasi wanne," akasema. "Sikujua nilikuwa na uwezo huo." Akaanza kucheka mpaka akakohoa, na mhudumu akamkemea.

Bibi hakucheka. "Ulidhani mimi ni yule wa dirishani," akasema.

"Ndiyo, bibi."

"Hukuogopa?"

"Niliogopa sana. Lakini ulionekana umechoka kungoja." Nikamweleza habari za mama mdogo Mapendo, kwa kifupi, Kiingereza kikikatika katikati. Bosi akageuka akajifanya anapanga kuni.

"Wiki sita," bibi akasema, "watu walinipigia simu kuniambia kila kitu kitakuwa sawa. Wewe ndiye wa kwanza kupiga magoti." Halafu akakunja uso. "Lakini usirudie tena."

Bosi akanisindikiza mpaka mlangoni. Mimi nikawa natafuta maneno ya kuaga. Akasema, "Jumatatu, saa mbili kamili. Na kabla ya kumpa mgeni yeyote habari yoyote, unaanza kwangu."

Wambui amecheka kuanzia hapo mpaka stesheni, na kwenye treni pia, barakoa imelowa.

Basi ndiyo hivyo. Kazi nimepata. Jumapili mkimwona mama yangu kanisani, mwambieni hilo tu, hayo mengine yaacheni. Na kabla sijaondoka yule mzee aliniita tena, akanituma niwafikishie ndugu zangu wote ujumbe: marehemu anawasalimu, na ameomba chai.