Tundu Kwenye Gauni la Mwalimu wa Kwaya

Jumatatu, 3 Machi

Maafa! Nimeunguza gauni la mwalimu wa kwaya. Niliacha pasi juu ya hariri dakika mbili tu, nikatoka kumweleza muuza magazeti jinsi ninavyofanya kazi kwa umakini. Kurudi, moshi! Tundu mgongoni, kubwa kama kiganja. Na onyesho ni Jumamosi.

Nikafikiri haraka, kama kawaida yangu. Nikachukua mkasi, nikachanachana ukingo wa tundu upande mmoja. Likaonekana limetafunwa. Panya! Nani atamhoji panya?

Mwalimu alipokuja, nilimpokea kwa sura ya msiba. Akanipa pole mimi! Akauliza panya wametokea wapi. Ulimi ukateleza: nikasema kwa Profesa.

Profesa ni fundi cherehani mwenzangu, wa chumba cha pili. Anaitwa hivyo kwa sababu ya miwani yake ya kamba, na kwa kuwa hupima kila kitu mara tatu. Wateja wanampenda mno. Halafu anakula mle mle kazini, makombo chini. Kwa hiyo sikudanganya sana.

Jumanne, 4 Machi

Habari imeenea jengo zima. Mwenye nyumba amepanda ngazi mwenyewe, na magoti yale mabovu. Hakuona hata mkia, lakini kaamuru Profesa atoe vitu vyake, chumba kipigwe dawa. Panya akionekana tena, basi Profesa atafute pengine pa kushonea.

Moyo ulinichoma. Kidogo. Kisha nikawakumbuka wateja wake, nikaanza kupiga mluzi.

Jumatano, 5 Machi

Mwenye nyumba kauliza ni nani mwenye chumba kikubwa kuliko vyote. Mimi!

Profesa amehamia kwangu na cherehani mbili, meza, na sauti yake. Ameimba wimbo mmoja tangu asubuhi. Ubeti mmoja, mwingine haujui. Wateja wake wanaingia, wananipita kama nguzo. Mmoja alinipa mwavuli wake nimshikie.

Mwalimu wa kwaya naye, kwa huruma, kaniletea paka wake awinde. Paka kaingia kwenye kapu la vitambaa, kazaa wanne. Profesa kawapa wote majina. Mimi nimekataa kuwapenda.

Alhamisi, 6 Machi

Profesa amejitolea kuliziba lile tundu. Anasema panya ni wa kwake, jukumu ni la kwake. Nilitamani ardhi inimeze.

Kalipima mara tatu. Kalinusa. Kisha akachukua pasi yangu, akaweka ncha yake pale ambapo mkasi haukupita. Ikaingia sawasawa! Akanitazama juu ya miwani. Akaacha kuimba.

Nyumbani nikamwambia mke wangu yote. Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaacha kucheka, akaniuliza: “Na mwenzio akikosa chumba, watoto wake watakula miwani?”

Ijumaa, 7 Machi

Nimesema! Mbele ya mwenye nyumba, mwalimu wa kwaya na Profesa mwenyewe. Nilikuwa nimepanga kuilaumu pasi. Mdomo ukakataa.

“Ni mimi,” nikasema. “Panya hakuna. Ni pasi yangu na domo langu. Profesa, nisamehe ndugu yangu.”

Profesa akavua miwani, akaifuta. Akasema alikuwa akingoja tu nimalize kutafuta maneno.

Mwenye nyumba kaamua: vitu vyote vya Profesa nivirudishe mimi, peke yangu. Nimebeba cherehani mgongoni, mwalimu wa kwaya nyuma yangu akinihesabia: moja, mbili, pumua! Profesa akaanzisha ubeti wake, na vyumba vyote vikaitikia. Nikacheka na mzigo mgongoni, nusura tuanguke wote.

Mchana tumelishona gauni pamoja. Juu ya tundu tumeweka ua la kitambaa cha rangi ya fedha. Profesa alipima, mimi nikashona.

Jumamosi, 8 Machi

Onyesho! Mwalimu alipowageukia waimbaji, ukumbi mzima ukaliona ua. Wakapiga makofi kabla hata wimbo haujaanza. Sasa waimbaji wote wanataka maua. Thelathini na wawili. Mwalimu kasema nitayashona mimi, kwa mkono, na nisimtafute wa kunisaidia.

Nimekubali bila kunung'unika. Nimeelewa sasa: nililolitenda ni mzigo wangu, nisimtwishe mwingine. Mimi ni mtu mpya. Mke wangu kaniangalia kwa mapenzi ambayo sijayaona tangu harusi.

Jumatatu, 10 Machi

Mtu mpya amekata suruali ya mlinzi wa benki, mguu mmoja mfupi kwa inchi mbili. Nilikuwa nikimsimulia mteja jinsi nilivyobadilika.

Mlinzi alipoijaribu, nilimwambia kwa upole kwamba suruali haina kosa. Mguu wake wa kushoto ndio umerefuka. Kazi ya kusimama, nikamweleza. Akashtuka. Akanishika mkono, akanishukuru kwa kuwa mkweli.

Kesho asubuhi anamleta dada yake aje auangalie huo mguu. Ni daktari wa mifupa. Nimemwambia waje tu, karibuni sana. Huenda dada naye akahitaji sketi.